BONDE LA MTO TANA: NCHI YAKE NA MAMBO YALIYOPITA



Imekuwa desturi ya kijitabu hiki cha kila mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na habari za misiba na karo za watoto, kurasa chache hutengwa kwa habari za nchi tulikotoka. Mwaka huu Halmashauri imeona yafaa tuandike juu ya bonde la mto Tana, toka Garissa hata Kipini. Tuna sababu mbili. Ya kwanza, wengi katika watoto wetu waliozaliwa mijini hulijua bonde hilo kwa jina tu, au kwa habari za gharika na ugomvi zinazosomwa redioni. Ya pili, katika mikutano yetu wenyewe tumesikia mara nyingi mtu akisema kwamba ardhi ile ni ya watu fulani na maji yale ni ya watu fulani, naye hajui maji hayo hutoka wapi, wala ardhi hiyo ilifanywa na nini. Mtu asiyeijua nchi yake hawezi kuitetea, wala hawezi kukaa ndani yake na jirani kwa haki.

NCHI NA MTO

Mto Tana ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya. Urefu wake wapata kilomita 1,000. Chanzo chake ni milima ya Nyandarua pamoja na Mlima Kenya, ambao kimo chake ni mita 5,199. Huko juu mito mingi, kama vile Sagana, Mathioya, Maragua, Thika na Thiba, hukusanya maji ya mvua na kuyatia katika mkondo mmoja. Mkondo huo hushuka kwa kasi kuelekea mashariki, kisha hugeuka kusini. Hupita Garissa, Bura, Hola na Garsen kwa mwendo wa polepole na kona nyingi, hata kuingia katika Bahari ya Hindi kwenye ghuba ya Ungwana.

Jambo la kushangaza ni hili: nchi ambayo mto huu huipitia toka Garissa kwenda chini ni kavu. Mvua yake ni chache, miti yake ni ya miiba, na vijito vinavyoingia mtoni huko huwa na maji wakati wa mvua tu, kisha hukauka hata mtu akapita kwa miguu. Hivyo mkulima wa Hola huweza kusimama ukingoni, juu ya kichwa chake hapana hata wingu moja, akayaona maji yakipanda. Mvua hiyo imenyesha mbali sana, katika mashamba na misitu ya watu ambao pengine hatawaona maisha yake yote. Ndiyo maana tunasema kwamba bonde letu hulishwa na milima ya wengine.

Mafuriko huja mara mbili kwa mwaka, moja baada ya mvua za masika na moja baada ya mvua za vuli. Maji yanapopita kingo hubeba tope la milimani. Mchanga ulio mzito hutuama kwanza karibu na mto, na tope jepesi huenda mbali zaidi. Kwa sababu hiyo kingo za mto huwa zimeinuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Wazee walilijua jambo hili kabla ya mtaalamu yeyote kuja na vipimo: walijenga vijiji na kupanda miembe na migomba juu ya kingo, na mpunga wakaupanda katika nchi ya chini ambako maji hukawia kutoka. Mto nao una tabia ya kuhama. Huikata kona yake mwenyewe, ukaliacha jicho la maji nyuma, na jicho hilo huwa ziwa la kambare na kamongo. Shamba lililokuwa ng'ambo ya mashariki mwaka huu laweza kuwa ng'ambo ya magharibi mwaka ujao, bila ya mwenyewe kulisogeza hata hatua moja.

Karibu na bahari, huko Ozi na Chara, kuna namna nyingine ya kilimo ambayo watu wengi hawaijui. Bahari inapojaa, maji ya chumvi huusukuma mto kurudi nyuma, na maji matamu yaliyo juu hupanda na kuingia katika mashamba ya mpunga. Bahari inapokupwa, maji hutoka. Mkulima wa huko hutazama mwezi na maji, akafungua na kufunga mifereji yake kwa saa zake. Lakini kazi hiyo yataka mto uwe na nguvu. Mto ukipungua, yanayopanda si maji matamu tena bali ni chumvi, na mpunga hufa.

Pia misitu ya kingo za mto ina kima wawili, mbega mwekundu wa Tana na mwenziwe mwenye kishungi, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Kwa ajili yao hifadhi iliwekwa mwaka 1976. Mwaka 2012 nchi ya mdomo wa mto, yenye hekta 163,600, iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi za majimaji zilizo muhimu kwa ulimwengu.

WENYEJI NA UJIRANI WAO

Kingo za mto ni makao ya Wapokomo tangu zamani. Wao ni wakulima, wavuvi, na mafundi wa mitumbwi ya gogo moja. Lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili, pamoja na lugha za Wamijikenda na za Visiwa vya Ngazija. Wataalamu wa lugha huziita zote kwa jina la Sabaki, yaani jina la mto ulio jirani ya Tana upande wa kusini. Juu zaidi wapo Waliwana, ambao wengine huwaita Wamalakote. Kutoka mtoni kwenda nyikani ni nchi ya Waorma, wenye ng'ombe wengi, ambao katika vitabu vya zamani waliitwa kwa jina wasilolipenda. Wako pia Wardei, Wamunyoyaya na Waata, na huko Kipini, Kau na Witu wako Waswahili na Wabajuni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Tana River ilionekana kuwa na watu 315,943.

Watu hawa hawakukaa pamoja kwa kuwa walipendana kila siku. Walipigana pia, na hapana faida kuficha jambo hilo. Lakini walikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ulifundishwa na mto. Wakati wa mvua, nyika huwa na majani na mabwawa, na ng'ombe hukaa mbali. Huo ndio wakati wa mkulima kulima na kuvuna mtoni bila ya kusumbuliwa. Wakati wa kiangazi nyika hukauka, na ng'ombe hushuka mtoni. Huo ni wakati ambao mavuno yamekwisha ingia ghalani, na mabua yaliyobaki ni chakula cha mifugo. Ng'ombe waliacha samadi yao, na mkulima hakupata hasara. Maziwa na samli vilikwenda vijijini. Mahindi, mchele na ndizi vilikwenda mazizini. Nyumba moja ya mtoni ilikuwa na rafiki yake wa nyikani, na urafiki huo ulirithiwa toka baba hata mwana.

Ili ng'ombe wafike majini bila ya kukanyaga mashamba, ziliwekwa njia zijulikanazo kwa jina la malka. Kila malka ilikuwa na jina lake na mpaka wake, na hakuna aliyelima juu yake. Kesi za njia hizo na za mashamba zilikatwa na wazee: Wapokomo walikuwa na baraza lao liitwalo Gasa, na Waorma walikuwa na baraza la wazee wao. Mzee wa upande huu alimjua mzee wa upande ule, na mara nyingi neno lilikwisha kabla ya vijana kushika mikuki.

Twapenda pia kuwakumbusha vijana wetu jambo moja la fahari. Taifa lilipotaka wimbo wake mwaka 1963, sauti yake ilichukuliwa katika wimbo wa Kipokomo ambao mama huimba akimbembeleza mtoto alale. Kwa hiyo kila asubuhi bendera ipandishwapo shuleni, iwe Turkana au Kisumu, watoto husimama wima kwa sauti iliyotoka kingoni mwa Tana.

MAMBO YALIYOPITA

Tope la Tana halikulisha vijiji vya mtoni peke yake. Miji ya Lamu na Pate ilikuwa visiwani, na mtu wa kisiwani hula chakula kitokacho bara. Mpunga, pembe za ndovu na mali nyingine zilishuka kwa mitumbwi hata Kau na Kipini, zikaingia majahazini. Karibu na mdomo wa mto yako magofu ya Ungwana, mji wa Waislamu wenye misikiti ya mawe, ambao habari za kuchimbuliwa kwake zilitolewa na James Kirkman katika kitabu cha mwaka 1966. Nchi hiyo ndiyo pia nchi ya Fumo Liyongo, shujaa na mtunga mashairi ambaye masimulizi yote ya pwani humtaja. Watu wa Kipini huonyesha kaburi wanalosema kuwa ni lake.

Katika karne ya 19, Ahmed, mtu wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyeitwa Simba, alihamia bara akaweka utawala wake Witu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walimkimbilia, wakapewa mahali pa kukaa na kulima. Katika siku hizo mfereji wa Belezoni ulichimbwa kwa mikono ya watu ili kuunganisha Tana na mto Ozi, mitumbwi ipate kushuka hata Kau. Mto ukaupenda mfereji huo. Mafuriko yaliupanua mwaka hata mwaka, hata maji mengi yakaacha njia ya zamani na kutokea Kipini. Hivyo mdomo wa Tana tunaoujua leo, kwa sehemu kubwa, ulianza kwa majembe.

Wazungu nao waliuona utajiri wa bonde. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mapatano na Simba mwaka 1885, na Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka 1887 wamisionari wa Neukirchen walifika Ngao. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba huko Ulaya, na Witu ikapewa Waingereza bila ya mwenye nchi kuulizwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, wakati Fumo Bakari alipokuwa mtawala. Na mwezi wa Oktoba jeshi la manowari za Kiingereza likapanda bara na kuuchoma mji.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ngoma kuu ya Wapokomo iitwayo ngadji, ambayo sauti yake iliwakusanya watu, ilichukuliwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, nayo hata leo iko London katika British Museum. Kwa hiyo bonde letu limelipa taifa wimbo wake, na ngoma yake lenyewe limekosa.

WALIOKUJA NA MIPANGO

Tangu hapo kila aliyekuja alisema neno moja: hapa pana maji na ardhi tupu. Maji yalikuwapo kweli. Ardhi haikuwa tupu. Mahali palipoonekana tupu wakati wa mvua palikuwa pakimngoja mchungaji wa kiangazi, na mahali palipoonekana tupu wakati wa kiangazi palikuwa pakingoja mafuriko ya mkulima.

Mashamba ya kumwagilia maji huko Hola yalianzwa mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 katika hao walipigwa hata wakafa, kwa kuwa walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Kwanza serikali ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji ya Tana yalisingiziwa kwa kazi ya marungu. Baadaye kweli ilijulikana, na habari hiyo ikaleta fedheha kubwa katika Bunge la Uingereza. Mashamba yaliendelea baada ya Uhuru, lakini mwaka 1989 mto ulihama, ukaziacha pampu za Hola mahali pasipo na maji, na kazi ikasimama kwa miaka mingi. Mpango mkubwa zaidi wa Bura, uliopokea wakulima wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikula fedha nyingi kuliko ilivyodhaniwa, nao ukaanguka kabla ya kufufuliwa. Na mashamba ya mpunga ya mdomoni mwa mto, yaliyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, yalibomolewa na gharika ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998.

Huko juu nako mabwawa yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hatusemi kwamba mabwawa ni mabaya. Taa zinazowaka katika ofisi ya chama chetu hupata nguvu kwayo, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika mto Thika, ambao ni mkono wa Tana. Lakini yatupasa kusema kweli. Bwawa huzuia mafuriko ya kawaida, yale madogo yaliyokuwa yakija kwa wakati wake na kunywesha mashamba, na tope hutuama humo lisifike kwetu. Gharika kubwa haizuiliki. Mwaka 1961 ilikuja kabla ya mabwawa, na katika miaka ya 1997, 2018, 2023 na 2024 ilikuja mabwawa yakiwapo, ikafukuza watu makwao. Basi mtu wa bondeni amepunguziwa mafuriko yaliyomlisha, na amebakiziwa yale yanayomharibia.

UJIRANI ULIOVUNJIKA

Twafika sasa kwenye habari iliyo nzito. Mafuriko yalipopungua na ardhi kubwa ilipoandikwa kwa mipango ya miwa na mingineyo, mkulima alisogea kulima penye unyevu, na mara nyingi unyevu ulikuwa penye malka. Mchungaji naye, kiangazi kilipomkaba, alishuka mapema kabla ya mavuno. Silaha zilikuwa zimebadilika, na wazee walikuwa hawasikilizwi kama zamani. Tangu mwezi wa Agosti mwaka 2012 hata mwanzo wa mwaka 2013, Wapokomo na Waorma waliuana katika vijiji vya mdomo wa mto, na zaidi ya watu 100 walikufa, wanawake na watoto wakiwamo.

Sisi wa chama hiki hatukuwa mbali na jambo hilo, ingawa tulikuwa mjini. Wanachama waliokuwa wakila sinia moja walianza kukaa mabenchi mbalimbali. Kuna mikutano ambayo haikufanyika kwa kuwa watu hawakutimia. Fedha za rambirambi zilitolewa kwa pande zote mbili, kama kanuni zetu zinavyoagiza. Lakini wako waliouliza kwa nini zitolewe kwa wale. Twaliandika jambo hili kwa aibu, wala hatumtaji mtu, kwa kuwa wengi wetu tulikuwamo.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na wakazi wenyewe, iliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya mdomo wa Tana itungwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Hukumu hiyo ni njema. Lakini mwenyeji atashirikishwa kwa lipi ikiwa yeye mwenyewe hajui kuonyesha malka ilipita wapi na mpaka wa shamba la ukoo ulikuwa mti gani? Afisa huja na ramani. Asipopata jibu, ramani ndiyo itakayosema.

OMBI LETU KWA WAZEE

Katika mwaka uliokwisha chama kilizika wazee kadhaa ambao majina yao yamo katika ukurasa wa rambirambi. Kila mmoja alikwenda na njia alizozijua kichwani mwake. Waliobaki si wengi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na malka ni mali, tena ni mali ya pande mbili.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mambo matatu. Kwanza, kila mzee aliye na habari za malka, mipaka ya mashamba, njia za zamani za mto na mapatano ya wazee, amwone Katibu ili ziandikwe. Pili, ziandikwe mzee wa mtoni na mzee wa nyikani wakiwa wamekaa pamoja, ili palipo na tofauti ionekane mapema na kuzungumzwa, isingoje kiangazi. Tatu, nakala mbili za daftari hilo ziwekwe, moja hapa mjini na moja huko nyumbani mikononi mwa wazee wa pande zote, wala asiwepo mtu wa kuitumia kumfukuza mwenziwe.

Tumeeleza habari hizi si ili tuamshe madai ya zamani. Tumeona katika historia yote hii kwamba mto haukumpa mtu mmoja nchi yake moja kwa moja. Huiondoa hapa ukaiweka pale, na kila mwaka wenyeji hulazimika kupatana upya. Baba zetu waliliweza jambo hilo bila ya kalamu. Sisi tuna kalamu. Basi tusiseme kwamba limetushinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tumekwisha uona.

Sisi, katika kuwatumikia,

Halmashauri ya Chama